Mgonjwa Aulizwe Anaogopa Nini

KWA: Waganga Wafawidhi wa hospitali za rufaa, madaktari bingwa wa upasuaji, wataalamu wa usingizi na wauguzi wa wodi za upasuaji, Tanzania

YAH: HOFU YA MGONJWA KABLA YA KUPASULIWA TUMBO

Waheshimiwa,

Kabla hamjampeleka mgonjwa chumba cha upasuaji, mnampima presha, mapigo ya moyo, joto, wingi wa damu na sukari. Mnamuuliza alikula saa ngapi, kama ana pumu, kama kuna dawa inayomdhuru, kama ana meno ya bandia. Majibu yote huandikwa kwenye faili, na kila anayelipokea faili hilo njiani huyasoma. Swali moja halimo, nalo ndilo lililomnyima usingizi usiku kucha: unaogopa nini?

Barua hii ina ombi moja. Naomba swali hilo liingie kwenye faili la kila mgonjwa anayesubiri kupasuliwa tumbo, liwe na mtu maalumu wa kuliuliza, na jibu lake lipate mtu wa kulishughulikia kabla ya siku ya upasuaji.

Mimi ni mwandishi, si mganga. Ninachokijua ni kile anachokijua kila aliyewahi kuuguza: saa za kuona wagonjwa, chupa ya uji, benchi la nje ya wodi, na maneno ambayo mgonjwa humwambia nduguye lakini hathubutu kumwambia daktari. Nawaandikia kwa heshima, maana wengi wetu tuko hai kwa mikono yenu. Kidole tumbo kilichopasuka, vidonda vya tumbo vilivyotoboka, utumbo uliojisokota, ngiri iliyonasa: zama za mababu zetu hayo yalikuwa mazishi. Leo mtu huingia wodini kwa machela akatoka kwa miguu yake. Ninachokililia ni zile saa zilizopo kati ya kuambiwa "utapasuliwa" na kufumba macho mezani.

Tumbo lina hofu yake ya peke yake. Aliyevunjika mguu huonyeshwa picha, akauona mfupa na mahali ulipokatika, akaelewa kwamba utaungwa. Anayeambiwa atapasuliwa tumbo haoni chochote. Anajua tu kwamba humo ndani ndimo kinamopita kila anachokula, na kwamba mtu atatia mkono mle yeye akiwa hajitambui.

Ukikaa na wagonjwa, utasikia kwamba wengi hawaanzi na kisu, wanaanza na usingizi. Yuko anayeogopa kutoamka. Yuko anayeogopa kuamka katikati, asikie kila kitu asiweze kusema. Yuko anayeogopa nusukaputi kwa kuwa amesikia kwamba mtu akiwa nusu macho huropoka, naye ana siri ambazo mkewe hazijui. Hili la mwisho hutuchekesha sisi tulio wazima. Aliye kitandani halimchekeshi.

Baada ya usingizi, huja uvimbe. Mitaani husemwa kwamba uvimbe ukipigwa kisu, hewa ikaingia, ugonjwa husambaa mwili mzima. Mnajua kwamba si kweli. Mnajua pia chanzo chake: wagonjwa wetu wengi hufika wakiwa wamechelewa, saratani ya umio au ya utumbo ikiwa tayari imetambaa, na wakifa miezi michache baada ya kufunguliwa tumbo, majirani huhesabu kuanzia siku ya kisu. Wao waliiona kwa macho yao. Kuwaambia "acheni imani potofu" hakutoshi. Mtu anataka kuelezwa kwa nini yule jirani alikufa na kwa nini yeye huenda asife.

Kisha huja aibu. Upasuaji wa tumbo hauepukani na haja kubwa. Mgonjwa husafishwa utumbo, huwekewa mpira wa mkojo, wakati mwingine na mpira wa puani unaoshuka hadi tumboni, na akishapasuliwa kila anayepita humuuliza kama amejamba. Ninyi mnauliza kwa sababu hewa ikitoka mnajua utumbo umeamka. Mzee wa miaka sabini anayeulizwa hilo na binti wa umri wa mjukuu wake, mbele ya wakwe waliokuja kumjulia hali, hajui sababu hiyo. Angeambiwa mapema kwamba swali litakuja na kwamba jibu lake ni habari njema, angelingoja kwa hamu.

Kikubwa kuliko vyote ni mfuko. Mgonjwa wa utumbo mpana husikia, kwa kawaida kutoka kitanda cha jirani, kwamba atatobolewa ubavuni na haja itakuwa ikitokea hapo na kuingia kwenye mfuko. Hapo maswali humiminika kichwani: ni wa maisha au wa muda? Mifuko inauzwa wapi na kwa bei gani? Mume wangu atanilalia kitanda kimoja? Nitapandaje daladala? Muislamu huongeza swali zito zaidi: nitasalije na najisi iko mwilini? Masheikh wana jibu la swali hilo tangu zamani, katika hukumu za mtu mwenye udhuru wa kudumu: hujisafisha kadiri awezavyo, akatawadha wakati wa sala unapoingia, akasali. Mgonjwa asiyeijua hukumu hiyo anaweza kukataa upasuaji akidhani analazimishwa kuchagua kati ya uhai na dini yake. Simu moja kwa sheikh wa msikiti wa jirani ingemtua mzigo huo.

Na kuna hofu za mkate wa kila siku. Nitakula ugali tena, au ni uji mpaka kufa? Mbeba mizigo wa Kariakoo anataka kujua atanyanyua gunia lini, maana ameambiwa kwamba mwanamume akishapasuliwa nguvu zimekwisha. Mama lishe anataka kujua nani atakaa jikoni, na kama bili itaisha kabla mtaji haujaisha. Mnaweza kusema hayo si ya daktari bingwa. Kweli, mengine ni ya ofisa ustawi wa jamii, lakini ofisa huyo hawezi kuja kitandani bila kuitwa, wala haitwi kama hakuna aliyeuliza.

Kwenye hofu hizo, hospitali nayo huongeza zake bila kujua. Ndugu wakitakiwa kuchangia damu, ninyi mnafanya tahadhari, lakini mgonjwa anaelewa kwamba atamwagika damu. Akiletewa fomu ya ridhaa saa tatu usiku na kuonyeshwa pa kutia sahihi au dole gumba, anaelewa kwamba hospitali inajitoa lawamani mapema. Raundi ya asubuhi ikisimama kitandani pake, bingwa na madaktari wanafunzi wakazungumza Kiingereza juu ya tumbo lililofunuliwa, yeye husoma nyuso zao, na uso wa mtu anayefikiri hufanana mno na uso wa mtu mwenye habari mbaya. Akimwona daktari amemvuta mwanawe pembeni kwenye korido, kwake hukumu imekwisha kusomwa. Orodha ya siku ikivurugika kwa sababu mama mjamzito ameletwa kwa dharura, au damu haijapatikana, huambiwa tu "leo hapana". Ameshinda njaa bure, na hofu ya jana anaianza upya.

Mjomba wangu, fundi seremala, alilazwa katika hospitali ambayo sitaitaja, akisubiri kutolewa uvimbe wa utumbo mpana. Alfajiri ya siku ya upasuaji kitanda kilikuwa kitupu. Tulimkuta stendi ya mabasi, amevaa koti juu ya nguo za wodi, anauliza basi la kwao linaondoka saa ngapi. Wodini waliandika kwamba ametoroka. Baadhi ya ndugu walimwita mwoga. Tulipomrudisha, muuguzi mmoja wa zamu, mama mtu mzima, alimwamkia, akavuta kiti, akamuuliza kilichomtoa kitandani. Kumbe mzee hakuwa akiogopa kufa. Alikuwa ameambiwa na mgonjwa mwenzake kwamba wenye ugonjwa kama wake hubeba utumbo nje maisha yao yote, naye alikuwa akijiuliza atapigaje randa na mfuko ubavuni, na wateja watamkaribiaje. Muuguzi akamweleza kwamba, kwa mahali uvimbe wake ulipo, daktari alitarajia kuuunga utumbo papo hapo. Na kama mfuko ungelazimu, huenda ukawa wa muda, na angetafutiwa mtu aliyewahi kuishi nao azungumze naye. Mzee aliuliza maswali machache, yote ya kazi. Alipasuliwa wiki iliyofuata. Mazungumzo yale hayakuhitaji dawa wala mashine. Yalikuja tu baada ya nafasi ya mtu mmoja kwenye orodha ya upasuaji kupotea.

Hofu haiishii moyoni. Mtu akiogopa, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, presha hupanda, mishipa midogo ya damu hubana, tumbo huacha kusaga. Mnajua kuliko mimi maana ya hayo: presha iliyopanda ghafla asubuhi humfanya mtaalamu wa usingizi asite, na pengine kazi huahirishwa, na mgonjwa aliyeahirishwa kwa sababu ya hofu hurudi wodini kuogopa zaidi. Baada ya upasuaji, ambaye hakuelezwa kitu hubana pumzi na kuzuia kikohozi akidhani nyuzi zitafumuka. Hukataa kuinuka kwa sababu nyumbani kwao mgonjwa hulala. Kutokohoa hukaribisha nimonia, na kulala bila kujigeuza hukaribisha damu kuganda miguuni. Ninyi mtaandika "madhara baada ya upasuaji", lakini mengine yalianza kabla yake.

Ushahidi kwamba maneno husaidia si mpya. Katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, mjini Boston, ndiko William Morton alikoonyesha hadharani, tarehe 16 Oktoba 1846, kwamba mvuke wa etha unaweza kumlaza mgonjwa asihisi kisu. Zaidi ya karne moja baadaye, katika hospitali ileile, mtaalamu wa usingizi Lawrence Egbert na wenzake walipima nguvu ya mazungumzo. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1964. Walikuwa na wagonjwa 97 waliosubiri upasuaji wa tumbo. Kundi moja liliandaliwa kama kawaida. Kundi la pili lilielezwa maumivu yatakuwa wapi, makali kiasi gani, yatadumu muda gani, na kwamba ni ya kawaida. Likafundishwa kuvuta pumzi kwa kina, kulegeza misuli ya tumbo, na kujigeuza kwa kutumia mikono na miguu. Wapasuaji hawakujua nani yuko kundi gani. Walioelezwa walihitaji takriban nusu ya dawa kali za maumivu walizohitaji wenzao, na wapasuaji wenyewe waliwaruhusu kwenda nyumbani mapema kwa wastani wa siku 2.7.

Sitaki kuwauzia muujiza. Huo ni utafiti mdogo na wa zamani. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2016, yaliyokusanya tafiti 105 za kumwandaa mgonjwa kiakili kabla ya upasuaji, yalikuta faida ndogo zaidi: maumivu kupungua kiasi, na muda wa kulazwa kupungua kwa kama nusu siku, tena yakaonya kwamba ushahidi wenyewe ulikuwa dhaifu. Lakini piga hesabu ya nusu siku kwa kila mgonjwa katika wodi ambayo wawili hulala kitanda kimoja. Hapo ndipo panapopatikana kitanda cha anayelala chini.

Wapo watakaosema: tutampa dawa ya kumtuliza. Nchini Ufaransa walilijaribu hilo kwa wagonjwa zaidi ya 1,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Waliopewa lorazepamu kabla ya upasuaji hawakuridhika zaidi ya wasiopewa, na walichelewa kuzinduka vizuri. Kidonge kina mahali pake kwa mgonjwa mmoja mmoja ambaye hofu imemzidi kabisa. Lakini mtu anayetaka kujua kama atabeba mfuko hawezi kujibiwa na kidonge. Atalala tu na swali lake.

Najua pia kwamba nchi hii haidharau jambo kwa sababu ni dogo. Shirika la Afya Duniani lilipoandaa orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji mwaka 2008, karatasi moja yenye vipengele 19, iliingia majaribioni katika hospitali nane duniani. Moja ilikuwa London, moja Seattle, moja Toronto, na moja Ifakara, Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Matokeo ya mwaka 2009, kwa hospitali zote nane kwa pamoja, yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Kilichobadilika kilikuwa watu kulazimika kusimama, kuulizana na kusikilizana. Kipengele cha kwanza kabisa ni mgonjwa mwenyewe kuthibitisha jina lake, anapopasuliwa, anachofanyiwa, na kwamba ameridhia. Ni kipengele kizuri, ila huulizwa mtu akiwa tayari amelala mezani chini ya taa. Aliye na swali hapo hawezi tena kulitoa. Ninaomba kitu cha aina ile ile, kisogezwe siku moja nyuma.

Kwa hiyo naomba haya.

Kwanza, maswali yenyewe. Mwaka 1996 watafiti wa Amsterdam walitunga dodoso fupi la mambo sita tu: mawili kuhusu wasiwasi wa usingizi, mawili kuhusu wasiwasi wa upasuaji, na mawili kuhusu kiasi cha habari ambacho mgonjwa anataka kupewa. Hujazwa kwa dakika chache. Muhimbili, KCMC na Bugando zina vyuo na wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti. Wapeni kazi ya kuliweka katika Kiswahili cha wodini na kulipima kwa wagonjwa wetu. Hadi hapo, maswali mawili ya mdomo yanatosha: "Katika haya ya kesho, ni lipi linalokusumbua zaidi?" na "Ungependa kuelezwa yote, au ya lazima tu?" Hilo la pili lisisahaulike. Wapo wasiotaka kujua mengi, nao wana haki yao.

Pili, mwenye kuuliza. Jambo la wote halina mwenyewe. Muuguzi mmoja wa zamu ya mchana apangiwe, jina lake liandikwe, na mtaalamu wa usingizi apite jioni kumwona mgonjwa akiwa bado na nguo zake. Aanze na shikamoo ikiwa anayemsalimu ni mkubwa wake, kabla ya kuinua shuka. Amwambie jina lake na kwamba yeye ndiye atakayekaa kichwani pake muda wote. Mgonjwa anayeogopa nusukaputi hajui hata kwamba kuna mtu ambaye kazi yake nzima ni kumlinda akiwa usingizini. Kwa wengi, kulijua hilo peke yake kunatosha kuwarudishia pumzi.

Tatu, mambo ya kuelezwa, kwa Kiswahili chepesi: kidonda kitakuwa wapi na urefu gani, utaamka na mipira gani na itatolewa lini, utaumwa vipi na uombe dawa kwa nani, kwa nini tutakulazimisha kukohoa na kutembea, kwa nini tutakuuliza hewa imetoka, utakula nini na lini, mambo gani tunaweza kuyakuta tukifungua na tutafanyaje. Anayeweza kuhitaji mfuko auone na kuushika mapema, na akipatikana mtu anayeishi nao, aletwe. Kisha msikilizeni mgonjwa mwenyewe akiwaeleza ninyi alichoelewa, kwa maana wengi huitikia "ndiyo, daktari" kwa adabu tu.

Nne, njaa. Bado katika wodi nyingi wote huambiwa wasile wala kunywa tangu saa sita usiku, hata atakayeingia saa tisa alasiri. Miongozo ya kimataifa ya wataalamu wa usingizi, kwa mgonjwa asiye na hatari maalumu, huruhusu mlo mwepesi hadi saa sita kabla ya usingizi, na maji au chai ya rangi hadi saa mbili kabla. Mwenye utumbo ulioziba ana masharti yake, na hilo ni lenu kuamua. Lakini kwa wanaoruhusiwa, kikombe cha chai ya rangi asubuhi humpunguzia mtu kizunguzungu na kichwa kuuma, mambo ambayo mwenye hofu huyahesabu kuwa dalili za kufa.

Tano, stara. Mwanamke asivuliwe mtandio wodini wakati kofia ya upasuaji ingeweza kuvaliwa papo hapo. Mwenye rozari au hirizi aelezwe kwa nini itavuliwa, na itunzwe na nani. Kila mgonjwa afunikwe shuka safari yote ya machela.

Sita, mkiahirisha, mpeni sababu na siku. "Damu ya kundi lako haijapatikana, tutakufanyia Alhamisi" ni sentensi moja. Bila sentensi hiyo mtu hudhani mmegundua jambo baya mkaamua kumwacha.

Najua pingamizi. La kwanza ni watu. Tume ya jarida la Lancet ya mwaka 2015 ilipendekeza kila nchi ifikie angalau wataalamu 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa kila watu 100,000; sisi tuko mbali sana na kiwango hicho, na muuguzi mmoja usiku hubeba wodi nzima. Siombi daktari mpya. Wagonjwa wa kesho wanaweza kukusanywa pamoja jioni, watano au sita, wakaelezwa yale yanayowahusu wote kwa dakika ishirini, kisha kila mmoja akaulizwa lake la siri kitandani kwake. Na dakika hizo tayari mnazilipa: kwa kumtafuta aliyetoroka, kumbembeleza asiyetaka kuinuka, na kupoteza zamu ya chumba cha upasuaji kwa presha ya hofu.

La pili ni kwamba mgonjwa akielezwa sana ataogopa zaidi na kukimbia. Mjomba wangu alikimbia kwa sababu ya maelezo ya kitanda cha jirani. Mgonjwa wa wodini hakosi kamwe maelezo. Anachokosa ni maelezo yenu.

La tatu ni dharura. Aliyeletwa usiku tumbo likiwa gumu kama ubao hana muda wa dodoso. Kweli. Lakini machela inasukumwa, na anayeisukuma ana mdomo. "Utumbo wako umetoboka, tunaenda kuuziba, utalala, hutasikia kisu, mimi nitakuwepo ukiamka." Hayo yanasemwa kabla ya kufika mlangoni.

Kwa ndugu wenzangu tunaouguza, ninalo neno pia, na ninyi mtusaidie kulisema. Tuache kuwaomba madaktari wamfiche mgonjwa. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, nasi tumeupeleka msemo huo hadi kwenye fomu ya ridhaa, tukamkubalia mzee kisu asichokijua. Anatuona tukinong'ona. Daktari akiombwa na mtoto wa mgonjwa amfiche mamaye, amjibu kwa upole kwamba atamuuliza mama mwenyewe anataka kujua kiasi gani, na atafuata jibu la mama.

Naomba basi muanze na wodi moja katika kila hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa miezi sita. Andikeni kabla na baada: wangapi walitoroka, wangapi waliahirishwa kwa presha iliyopanda asubuhi, walitumia dawa kiasi gani za maumivu siku mbili za kwanza, walitembea siku ya ngapi, waliruhusiwa lini. Mkikuta hakuna tofauti, lifuteni swali langu kwenye mafaili yenu na mseme hivyo hadharani, nami nitaandika kwamba nilikosea. Mkikuta ipo, ipelekeni Wizara ya Afya. Mpango wa kitaifa wa upasuaji, uzazi na usingizi uliozinduliwa mwaka 2018 uliandikwa kufikia mwaka 2025. Katika mpango unaoufuata, pale panapotajwa mitungi ya oksijeni, mashine za usingizi na idadi ya wataalamu, uwekwe na mstari unaosema kwamba hakuna mgonjwa atakayepelekwa kupasuliwa tumbo, isipokuwa kwa dharura, kabla hajaulizwa anaogopa nini na kujibiwa.



Muuguzaji